Somo: Kuvuta umeme wa inveta ya sola hadi karakanani kwa usalama

Wengi mmeniuliza namna ya kulisha banda la useremala kwa sola ya nyumbani. Nitatumia mfumo wangu kama mfano: inveta ya wati 3000 ya mawimbi safi, betri ya lithiamu ya volti 24 na Ah 200, banda likiwa mita 30 kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: anza na mashine, paneli baadaye. Soma kibati cha kila moja. Grinda yangu ni wati 850, drili 650, msumeno wa mkono 1400. Jumlisha zile tu zitakazowaka pamoja. Kisha fikiria mwasho: mota ya kompresa inapoanza hunyonya hata mara tano au zaidi ya mkondo wake wa kawaida. Kompresa ya wati 1500 inaweza kuizima inveta ya 3000 ingawa hesabu ya karatasini imekubali.

Hatua ya 2: upande wa betri, na hapa naomba mtulie. Wati 3000 kwa volti 24 ni ampea 125. Ukiongeza upotevu wa inveta unakaribia 140. Mimi nilitumia waya wa mm² 50, mfupi kuliko mita moja na nusu, na fyuzi ya DC ya ampea 175 karibu kabisa na chanya ya betri. Fyuzi iwe ya aina inayoweza kukata shoti ya lithiamu. Kaza lagi (vichwa vya chuma vya mwisho wa waya) vizuri. Yangu moja ililegea mwaka wa kwanza, ikayeyusha ganda la waya. Tangu hapo kila mwezi nazima kila kitu na kukagua. Angalia pia BMS, saketi inayolinda betri: ikiwa ya ampea 100, itakata ukifika kama wati 2300.

Hatua ya 3: inveta inatoa ampea 13 kwa volti 230. Weka breka ya ampea 16 pale umeme unapotoka kwenye inveta, na waya wa mm² 4 ndani ya bomba lililofukiwa. Mm² 2.5 ungebeba mzigo huo, ila kwa mita 30 ungepoteza karibu volti 6.

Hatua ya 4: nyutro na ethi. Inveta nyingi nyutro yake inaelea, haijaunganishwa na ethi. Hapo RCD ya mA 30 (swichi inayokata umeme unapovuja) haitakulinda ukishika grinda iliyovujisha umeme. Na kitufe chake cha kujaribia kisikudanganye: hufanya kazi hata muungano huo ukikosekana. Muungano uwe mahali pamoja tu, na ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hatua ya 5: kama banda lina TANESCO pia, weka chenjiova (swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme) inayokata laini na nyutro kwa pamoja. Kamwe usitumie waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme ukirudi kwenye nguzo, transfoma huupandisha, na fundi aliye juu anaamini laini imekufa.

MASWALI

Mkuu, naweza kuchomelea?
Kwa fimbo ya mm 2.5 utakuwa ukingoni mwa uwezo wa inveta. Ndugu yangu, kuchomelea tumia TANESCO au jenereta.

Fundi, kitabu cha inveta yangu kinakataza kuunganisha nyutro na ethi. Nifanyeje?
Kitii. Baadhi hutoa volti 115 kila upande, ukiunganisha zinaungua. Hiyo isilishe banda. Chomeka kifaa kimoja chenye alama ya miraba miwili, yaani chenye kinga maradufu kisichohitaji ethi, moja kwa moja kwenye soketi yake.

Je, inveta naweza kuiweka bandani, waya uwe mfupi?
Hapana, dada. Feni itavuta vumbi la mbao ndani, nalo hushika moto. Iache nyumbani pamoja na betri, penye hewa.