Kabla hamjapima umbali wa Mwezi: mambo ya kuzingatia

Vyombo vya kale vya falaki havikupima umbali. Robo duara (ubao wa robo ya duara wenye digrii ukingoni na uzi wa timazi), astrolabu, sekstanti, vyote vilipima pembe, na umbali ukapatikana kwa hesabu. Kwa hiyo kabla hamjatafuta plaiwudi na timazi za kutengenezea robo duara, jueni kwanza pembe mnayoitafuta ni ndogo kiasi gani.

Kwenye robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 30, digrii moja ni kama milimita 5 tu za ukingo. Upepo ukitikisa uzi wa timazi, nusu digrii imekwenda. Ndiyo maana Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark wa karne ya 16, kisiwani Hven, alijenga robo duara ya ukutani yenye nusu kipenyo cha karibu mita 2, akafikia usahihi wa takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Hata hivyo, kuhama kwa nyota, yaani nyota kuonekana imesogea kidogo ikitazamwa kutoka sehemu mbili tofauti, kulimshinda. Mwanafalaki Mjerumani Friedrich Bessel alipokuja kupima kuhama huko mwaka 1838, kwa nyota 61 Cygni, alikuta kama theluthi ya sekunde ya pembe (sekunde 60 ni dakika moja). Nyota basi ziacheni, Mwezi unawezekana.

Tafuteni mwenzenu aliye mbali. Mmoja akiwa Dar es Salaam na mwingine Nairobi, takriban kilomita 670, Mwezi ukiwa juu utaonekana umehama mbele ya nyota kwa kama dakika 6 za pembe, moja ya tano ya upana wake. Robo duara haitaziona, lakini picha itaziona. Chagueni usiku ambao Mwezi uko karibu na nyota angavu, na upana wake, nusu digrii, uwe rula yenu. Kupiga picha kwa wakati mmoja ndilo jambo la kusisitiza kuliko yote: Mwezi husogea mbele ya nyota karibu upana wake kila saa, hivyo mmoja akichelewa dakika mbili, kosa ni dakika nzima ya pembe kati ya zile sita. Robo duara itumieni kupima kimo cha Mwezi, maana hesabu inakihitaji. Mkiijaribu mchana, msilenge Jua kwa jicho kamwe, tumieni kivuli.

Kubalianeni pia kizio. Kizio astronomia (umbali wa wastani wa Dunia hadi Jua), kilomita milioni 149.6, ni cha sayari, na mwaka wa nuru (umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka), kilomita trilioni 9.46, ni wa nyota. Mwezi uandikeni kwa kilomita. Umbali wake hubadilika kati ya takriban 356,000 na 407,000, kwa hiyo tafuteni ule wa usiku huohuo kabla ya kulinganisha.