Video ya Harusi Inahama kwa Kujikongoja Kutoka Laptopu Kwenda Kompyuta ya Mezani? Anzia Hapa

Wenzangu wengi tunaohariri video huku Mwanga na Ujiji, Kigoma, faili zikichelewa kuhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, wanakimbilia kununua bando kubwa zaidi. Usitupe hela yako. Faili inayotoka chumba hiki kwenda chumba kile haitoki nje ya nyumba. Inaingia kwenye ruta na kurudi. Hata bando likiisha, hata mnara ukizima, faili zitaendelea kuhama kwa kasi ileile. Tatizo liko ndani ya nyumba yako, na unaweza kulikamata mwenyewe bila kununua kitu chochote kwanza.

Faili inapita sehemu tatu: diski inayotoa, njia ya katikati, na diski inayopokea. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua kasi. Kazi yako ni kujua ni ipi, na hapo hakuna kubahatisha, kuna kupima.

Kabla ya kupima, elewa namba. Ruta na kadi za mtandao zinahesabu kwa megabiti; dirisha la kunakili la Windows linahesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo njia ya megabiti 100 inakupa megabaiti 11 hivi kwa sekunde, na njia ya gigabiti 1 inakupa kama 110. Chukua harusi ya gigabaiti 100, yenye kanisani, ukumbini na sendofu yake: kwa megabaiti 11 ni saa mbili na nusu, kwa 110 ni robo saa. Mteja anayetaka kazi Jumatatu anaiona tofauti hiyo.

Sasa anza kunakili faili moja kubwa, bonyeza pale pa maelezo zaidi, utazame mchoro. Ukiwa umenyooka kwenye 11 au 12 bila kutikisika, njia yako ni ya megabiti 100. Ukipanda juu sana kisha ukaporomoka karibu na sifuri, kwa kawaida diski inayopokea imeelemewa. Ukiyumbayumba muda wote, shuku waifai.

Kwa wanaotumia waya, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha bonyeza mara mbili kwenye Ethernet. Utaona kasi ambayo kadi yako imekubaliana na upande wa pili. Ikiandika Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, mshukiwa wa kwanza ni waya. Hapa nitakaa kidogo, maana nyaya ndizo zinazotutesa zaidi na ndizo zisizoshukiwa.

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi nane, jozi nne zilizosokotwa. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu. Gigabiti inazitaka zote nne. Uzi mmoja ukikatika, iwe ni panya au mlango unaoubana kila siku, mara nyingi kompyuta hazilalamiki. Zinashuka kimyakimya hadi 100, kila kitu kinafanya kazi, wewe unabaki kuilaumu laptopu. Nyumbani kwa shemeji yangu kule Katubuka waya ulipita chini ya mlango wa sebule. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, lakini ulipochunwa pale ulipobanwa, uzi wa kahawia ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Waya ukabadilishwa, kadi ikaandika Gbps 1, yaani gigabiti 1, papo hapo.

Kagua na kichwa cha waya. Kiinue kwenye mwanga uone kama ncha zote nane zimefika mwisho wa plastiki. Mpangilio unaotumika sana, ukiwa umekielekeza kilimi chini, ncha zikitazama mbali nawe na waya ukija upande wako, kushoto kwenda kulia ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ona kwamba jozi ya kijani inaruka na kuiweka bluu katikati. Kuna mafundi wanaopanga jozi zikifuatana moja kwa moja kwa sababu inapendeza macho na pande zote mbili zinafanana. Waya huo unaweza kuwaka taa, lakini mawimbi ya jozi moja yanaingilia nyingine na data inapotea njiani. Ukikuta hivyo, kata kichwa ubane upya.

Na unaponunua waya, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Inavunjika kwa urahisi, na kwa umbali mrefu inasumbua. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani.

Waya ukiwa mzima na kasi bado ni 100, geukia ruta. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu, na hapo hakuna waya utakaokusaidia. Nunua swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti, kile kisanduku chenye matundu ya kuunganisha nyaya, chomeka kompyuta zote mbili humo, kisha waya mmoja utoke kwenye swichi kwenda kwenye ruta. Ukiwa huna hela ya swichi, unganisha kompyuta mbili moja kwa moja kwa waya mmoja. Kadi za gigabiti zinajipanga zenyewe. Moja ipe anwani 192.168.50.1, nyingine 192.168.50.2, zote kwa subnet mask ya 255.255.255.0, basi.

Waifai nitaipitia haraka. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai moja, faili inapita hewani mara mbili, kupanda kwenye ruta na kushuka, kwa hiyo kasi inagawanyika. Chomeka angalau moja kwa waya. Tumia gigahezi 5 kama mko chumba kimoja. Ukuta wa tofali za kuchoma unaidhoofisha haraka. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Ukitaka kuitenga njia na diski, weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye dirisha la amri, inayopokea iandikie iperf3 -s, inayotuma iandikie iperf3 -c ikifuatiwa na anwani ya mwenzake. Programu hii inatuma data kutoka kwenye memori bila kugusa diski. Ikitoa megabiti 900 na ushee, njia haina kosa. Tazama diski: ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0 haivuki megabaiti 40 hivi, na flashi nyingi zinaandika chini ya hapo. Hamia tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la bluu.

Picha ni kesi ya peke yake. Faili elfu tano ndogo zinachelewa kuliko video moja yenye uzito uleule, maana kila moja inafunguliwa, inaandikishwa, inakaguliwa na antivairasi, inafungwa. Ni kupakua dagaa mtumbwini pale Kibirizi kwa kushika mmoja mmoja badala ya kujaza beseni. Zifunge kwenye zipu moja bila kuzibana, kwa sababu picha za JPEG zimeshabanwa tayari. Antivairasi usiizime, flashi za wateja zina mambo. Iambie tu isikague folda ya kazi.

Mimi natumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows; hapa 192.168.1.20 ni anwani ya kompyuta inayopokea:

robocopy D:\Picha \\192.168.1.20\Kazi\Picha /E /MT:16 /R:2 /W:5

Inanakili faili kumi na sita kwa mpigo, na R:2 ni muhimu, maana isipowekwa itarudia faili iliyogoma mara milioni moja. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile. Zilizokwisha kufika itaziruka. Ikimaliza, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, fungua video ya mwisho uisogeze hadi dakika zake za mwisho, ndipo uifute kadi ya kamera.