Somo: Shule kwanza, nyumba baadaye. Jinsi familia changa inavyoweza kuchagua mtaa wa viungani

Ndugu wanachama, wengi wetu huanza na nyumba. Unaona jiko jipya, kibaraza chenye kivuli na nafasi ya kuegesha magari mawili, na moyo unahama kabla mizigo haijahama. Shule inaulizwa baada ya mkataba kusainiwa. Nasema "wetu" kwa sababu nami nilifanya hivyo. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, ila shule ilikuwa ng'ambo ya barabara ya njia nne isiyo na kivuko. Tulisikia kengele ya shule tukiwa kitandani, na bado kila asubuhi tulipanda gari na kuzunguka dakika kumi na tano ili kufika. Safari hii tumehama tukiwa na akili, na somo hili nimelipanga kwa utaratibu tuliotumia.

Hatua ya 1: Andikeni siku yenu ya kazi

Kabla ya kufungua ramani, wazazi wote wawili mkae mezani muandike siku ya kawaida ya katikati ya wiki, tangu mtu wa kwanza anapoamka hadi taa ya mwisho inapozimwa. Nani anampeleka mtoto? Nani anamchukua? Shule ya msingi hufunga mapema kuliko kazi nyingi, kwa hiyo pengo la saa mbili au tatu lazima lijazwe na mtu mnayemfahamu kwa jina. Halafu jiulizeni swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: saa nne asubuhi shule ikipiga simu kwamba mtoto ana homa, nani anafika, na baada ya dakika ngapi?

Jibu hilo ndilo litakalochora duara kwenye ramani. Lichoreni kwa dakika za saa ya msongamano, achaneni na kilomita. Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichunguza takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini huridhika na maisha kidogo kuliko wenzao, ingawa hesabu za kiuchumi zinadai kwamba nyumba nzuri au mshahara mkubwa ungewafidia. Haukuwafidia. Mwenye mtoto mdogo anaweza kuongeza hapo uchovu wa mtoto mwenyewe kwenye kiti cha nyuma.

Hatua ya 2: Mipaka ya shule

Sehemu nyingi shule ya umma ina eneo lake la kupokea watoto, na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, upande huu shule hii na upande ule shule nyingine. Tangazo la nyumba litakuambia iko "karibu na shule". Karibu si sawa na ndani. Usimuulize dalali, ambaye kazi yake ni kuuza. Piga simu ofisi ya shule au mamlaka ya elimu ukiwa na anwani kamili, hadi namba ya nyumba, na uombe jibu la maandishi. Uliza mambo matatu: anwani hii iko eneo la shule ipi, je, kuna mpango wa kuchora mipaka upya, na je, darasa la mtoto wangu lina nafasi? Hilo la tatu watu hulisahau. Kuna mahali ambapo kuishi ndani ya eneo hakukuhakikishii kiti darasa likijaa. Na kama mtaa ni mpya na kreni za ujenzi bado zimesimama, chukulia kwamba mipaka itabadilika, kwa kuwa watoto wanaokuja kujaza nyumba hizo lazima waende mahali.

Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti uliolinganisha nyumba za pande mbili za mipaka ya shule katika viunga vya Boston. Majirani, mtaa uleule, shule tofauti. Alikuta kwamba pale alama za shule zilipokuwa juu kwa asilimia 5, bei ya nyumba ilipanda kwa asilimia 2 hivi. Kwa hiyo hata shule ya bure ina ada, nawe unailipa ndani ya bei ya nyumba au kodi ya kila mwezi. Hakuna ubaya kuilipa, mradi ujue unanunua nini.

Hatua ya 3: Alama zisomwe kwa jicho la shaka

Mwaka 1966 mwanasosiolojia James Coleman na wenzake waliikabidhi serikali ya Marekani ripoti iliyotokana na wanafunzi zaidi ya 600,000. Matokeo ya mtoto yalifuatana na hali ya nyumbani kwake kuliko yalivyofuatana na vifaa vya shule. Ndiyo maana wastani wa alama wa shule kwa sehemu kubwa unakuambia wazazi wa pale ni akina nani. Shule inayowapokea watoto waliokwisha kufundishwa kusoma nyumbani itang'aa hata walimu wakisinzia. Uliza maendeleo: watoto waliingia wakiwa wapi, na miaka mitatu baadaye wamefika wapi? Tena uangalie miaka kadhaa, kwa maana darasa likiwa na watoto ishirini, wawili tu wakiugua siku ya mtihani wastani unatikisika.

Kuhusu ukubwa wa darasa, jimbo la Tennessee lilifanya jaribio maarufu kati ya 1985 na 1989. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25, kuanzia darasa la awali hadi la tatu. Waliokuwa kwenye madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Lakini tazama madarasa hayo yalivyopishana kwa idadi ya watoto. Usikose usingizi kwa sababu shule moja ina watoto 24 na nyingine 26.

Mimi namba ninayoiamini kuliko zote haiko kwenye tovuti yoyote: walimu wangapi waliondoka mwaka jana? Wakiondoka wengi kila mwaka, kuna kitu ndani ambacho mgeni haoneshwi.

Hatua ya 4: Ziara

Siku ya maonesho kila shule ni nzuri. Omba kwenda siku ya kawaida, ikiwezekana kabla kidogo ya mapumziko ya asubuhi, ili uone darasa na uwanja kwa safari moja.

Kwanza funga mdomo usikilize. Shule moja ya New York ilikuwa kando ya reli iliyoinuliwa, na treni ilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi. Mtafiti Arline Bronzaft alilinganisha watoto wa upande wa reli na wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Matokeo yaliyotoka 1975 yalionesha kwamba kufikia darasa la sita wa upande wa kelele walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima katika kusoma. Baadaye reli ikawekewa mpira na madarasa yakawekewa dari ya kuzuia sauti. Alipopima tena, tofauti ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo simama nyuma ya darasa. Kama wewe mtu mzima unajitahidi kumsikia mwalimu, mtoto wa miaka sita anapoteza nusu ya sentensi.

Pili, omba kuona vyoo vya watoto, si vya wageni. Utaonekana msumbufu, vumilia. Mtoto anayeogopa choo hujibana kutwa, na mtoto aliyejibana hasikii hesabu.

Tatu, muulize mwalimu mkuu: mtoto anayechelewa kusoma mnamgunduaje, na mnamfanyia nini? Jibu zuri lina hatua: anapimwa muhula wa kwanza, anapewa mwalimu fulani, siku fulani, anapimwa tena. Jibu la "kila mtoto ana wakati wake" ni zuri masikioni tu. Uliza pia kama wanafundisha sauti za herufi kwa mpangilio maalumu. Jopo la kitaifa la kusoma la Marekani lilihitimisha mwaka 2000 kwamba kufundisha sauti kwa mpangilio huwasaidia watoto wanaoanza.

Mapumziko yakianza, usiangalie bembea. Angalia mtoto aliyesimama peke yake, kisha mtafute mwalimu wa zamu uone kama naye amemwona.

Hatua ya 5: Tembea

Mpangaji miji Clarence Perry alipendekeza mwaka 1929 kwamba shule ya msingi ikae katikati ya mtaa na barabara kubwa zipite pembezoni, ili mtoto afike darasani bila kuzivuka. Viunga vingi vilijengwa kinyume chake. Ramani itakuonesha mita mia tatu kwa mstari ulionyooka, ila barabara za mitaa zinaishia ukutani, na kwa miguu ni kilomita mbili. Kwa hiyo tembea kutoka mlangoni hadi getini kwa saa ileile ya kwenda shule. Kwenye kila kivuko, chuchumaa hadi kimo cha mtoto wako, utashangaa gari moja lililoegeshwa linavyoficha barabara nzima.

Soma mwendo wa magari. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa pale ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara. Kibao kikisema 30 na madereva wakienda 50, amini macho yako.

Rudi mara mbili zaidi: usiku wa mwisho wa wiki, na mara baada ya mvua kubwa. Tafuta alama za maji kwenye kuta. Muulize jirani mzee, si mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Mkiweza, pangeni nyumba kwanza kabla ya kununua. Mwaka mmoja wa kodi ni ghali, lakini nyumba iliyonunuliwa mahali pasipofaa ni ghali zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwanangu ana miezi minane. Si mapema mno kufikiria shule?

Jibu: Shule yenyewe, ndiyo, mapema. Kabla hajaanza, mwalimu mkuu unayempenda leo anaweza kuwa ameondoka. Mtaa, hapana. Kati ya 1994 na 1998 Marekani ilifanya jaribio katika miji mitano, familia za mitaa maskini zikapewa vocha za kulipia kodi ya nyumba ili zihamie penye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia baadaye walikuta kwamba watoto waliohama kabla ya miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 31 hivi kuliko wa familia zisizopewa vocha, walipofika katikati ya miaka ya ishirini. Waliohama wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Kwa umri wa mwanao, dada, tafuta mtaa wenye shule mbili tatu za kuridhisha badala ya kutafuta ile moja ya ajabu.

Swali: Kaka, unasema alama zisiaminiwe, lakini nikipeleka mtoto shule ya mwisho kwenye orodha si namtoa kafara?

Jibu: Sikusema zitupwe. Shule iliyo chini miaka mitano mfululizo, na watoto wake hawasogei, iache. Ninachokataa ni kulipa zaidi ili kutoka nafasi ya nane hadi ya tatu. Nenda uzitembelee zote mbili bila kujua ipi ni ipi, kama unaweza kujidanganya hivyo.

Swali: Mume wangu anataka tuishi karibu na wazazi wake. Mimi nimeona shule bora zaidi, dakika arobaini kutoka kwao. Tunaelekea kununiana.

Jibu: Shemeji yetu ana hoja. Rudini kwenye swali la homa ya saa nne asubuhi. Bibi aliye dakika tano ni jibu ambalo shule haiwezi kukupa. Kama shule ya karibu na wakwe inafundisha kusoma vizuri na njia yake ni salama, ningekwenda huko. Ila mkubaliane kabla ya kuhama nani atakuwa na ufunguo wa nyumba yenu na atabisha hodi lini. Hilo limevunja amani nyingi kuliko alama za mtihani.

Swali: Tunahama kutoka mbali, hatuwezi kwenda kuona.

Jibu: Tumia picha za setilaiti kutafuta njia za waenda kwa miguu na vivuko, na mito au mabonde karibu na nyumba. Piga simu shuleni uone wanavyompokea mtu asiyejulikana. Halafu pangeni kwa muda mfupi, na msinunue chochote kabla hamjalala pale msimu mmoja wa mvua.

Swali: Tuhame katikati ya mwaka wa masomo au tusubiri?

Jibu: Kama kuna nafasi ya kuchagua, subirini. Mtoto anayeanza siku moja na wenzake hahitaji kuomba kujiunga na mchezo uliokwisha kuanza.

Swali: Binti yetu anahitaji mtaalamu wa usemi. Shule tatu zote zimesema "tunatoa huduma hiyo".

Jibu: Uliza mtaalamu anakuja siku ngapi kwa wiki, anakaa chumba gani, na ana watoto wangapi kwa sasa. Omba kuona chumba. Kisha omba kuzungumza na mzazi mmoja ambaye mtoto wake anahudumiwa, shule ikimuomba ruhusa kwanza. Huduma iliyopo itaoneshwa siku hiyohiyo. Ukiambiwa "tunatarajia kuajiri", hesabu kwamba haipo, na usisaini chochote cha nyumba kwa kutegemea tarajio hilo.