Msafara wa baiskeli wa kuchangia waraibu wa heroini, Tanga: anza na nauli, fulana baadaye

Tanga baiskeli ndiyo usafiri wenyewe. Muuza samaki anayo, mwalimu anayo, na Ngamiani utamkuta bibi kakaa kwenye keria na kapu lake mapajani. Waendeshaji hawakosekani. Kinachokosekana ni jibu la swali moja: hela hii inakwenda kufanya nini?

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mtu mmoja

Methadoni, dawa ya kumtibu mraibu wa heroini (unga), ilianza kutolewa nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, na sasa hata hospitali yetu ya Bombo ipo. Dawa ni bure, nauli si bure. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, na hasa miezi ya mwanzo ni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Akikosa nauli kakosa dozi. Akikosa dozi arosto inamshika: mifupa inauma, kamasi zinamtoka, usingizi hapati, na muuza unga yuko karibu kuliko hospitali.

Tuseme daladala ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa siku 30 ni 36,000. Mwendeshaji akijua kuwa 36,000 ni mwezi mzima wa mtu, hata kuomba haoni haya. Fanya hivyohivyo kwa soba hausi, nyumba wanakokaa waraibu wakiacha unga: waulize kitanda, chakula na mshauri nasaha ni shilingi ngapi kwa mwezi. Mshauri usimsahau, maana wengi wakishaacha unga ndipo sonona iliyokuwa imejificha chini yake inapojitokeza.

Hatua ya 2: Vibali

Polisi wanataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla; sisi hupeleka wiki tatu kabla, tuombe na askari wa usalama barabarani. Kuhusu kibali cha kuchangisha, anzia ofisi ya mkuu wa wilaya. Nakala zenye mhuri tembea nazo.

Hatua ya 3: Kusanya kabla ya kupanda

Fungua akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na lipa namba yenye jina la kikundi, isiwe simu ya mtu. Kila mwendeshaji aombe ahadi kwa kilomita: 1,000 mara 40 ni 40,000. Ilipwe kabla ya siku yenyewe. Ahadi ni deni, sawa, ila deni la mchango nani atakwenda kulidai mlangoni? Mwaka wetu wa kwanza mdhamini mmoja alituahidi maji, asubuhi simu yake haipatikani. Tukanunua dukani kwa hela ya nauli za watu.

Hatua ya 4: Njia

Tunakwenda Tongoni kwenye magofu, kilomita 20 hivi, na kurudi. Masika achana nayo. Julai kusi linavuma: kwenda linakupiga usoni ungali na nguvu, kurudi linakusukuma mgongoni umechoka. Siku mbili kabla, pita njia nzima kwa baiskeli. Gari halikuonyeshi mchanga wa pembeni.

Hatua ya 5: Fundi usiku wa kuamkia

Geuza kila baiskeli juu chini, zungusha gurudumu, sikiliza. Likigusa breki mahali pamoja tu kila linapozunguka, rimu imepinda. Bonyeza mnyororo katikati kwa kidole. Ukilegea sana utachomoka mlimani. Beba viraka, gundi, msasa na pampu mbili, kwa sababu moja lazima itagoma.

Hatua ya 6: Walio kwenye dawa waendeshe nao

Hapa tuliteleza vibaya. Tuliondoka saa 12 asubuhi, wenye methadoni wakabaki wakisubiri dozi. Siku hizi wanakunywa kwanza, kisha wanatupokea njiani tukirudi. Kila mmoja amuulize daktari wake kwanza, kwani dawa hutoa jasho jingi na wengine huwatia usingizi.

Fulana ziwe za rangi moja kwa wote, asitambulike nani yuko kwenye dawa. Kuna mtu alirusha picha mtandaoni ya kijana wetu na kuandika "teja aliyepona". Bosi wake aliiona, kibarua kikaota nyasi. Tangu hapo picha hupigwa kwa migongo.

Hatua ya 7: Kutoa

Nauli toa kwa wiki, siyo kwa mwezi. Wanaokaa mbali wanunulie baiskeli kuukuu. Ndiyo, mmoja aliiuza wiki ya pili. Wenzake bado wanazipanda, na yeye tulimrudisha kwenye nauli.

Jumatatu bandika hesabu yote kwenye kundi la WhatsApp, mpaka zile 3,500 za viraka.