Kuitumia Kompyuta Yako Ukiwa Mbali: Iandae Ukiwa Bado Mbele Yake

Safari ya kwanza niliyotegemea kompyuta niliyoiacha nyuma, nilikwama kwa sababu ya kifuniko. Niliiacha laptopu mezani ikiwa imewaka na programu zote ziko tayari, nikakifunga kifuniko ili vumbi lisiingie kwenye kibodi, nikaondoka. Laptopu nyingi ukizifunga zinalala, na zikilala mtandao unakatika. Nenosiri nilikuwa nalo, intaneti ilikuwa nzuri, na faili niliihitaji asubuhi ile ile, lakini upande wa pili hapakuwa na wa kuitikia. Ilibidi mdogo wangu aende kuifungua.

Tangu hapo nimewawekea watu wengi mfumo huu, na karibu kila unapogoma, chanzo ni jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika mbili kabla mwenyewe hajaondoka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi za kufanya ukiwa bado umekaa mbele ya mashine. Kuunganisha kwenyewe ni kubofya mara mbili tatu tu.

Nitaiita kompyuta inayoachwa "mwenyeji", na kifaa ulichonacho mkononi, iwe simu, tableti au kompyuta nyingine, "mgeni".

Hatua ya 1: Jua mwenyeji wako ni wa aina gani

Kwenye Windows fungua Mipangilio, ingia Mfumo, shuka hadi sehemu ya Kuhusu, usome toleo. Ukikuta Pro, Enterprise au Education, una Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuitumia kompyuta kwa mbali, ndani tayari, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu. Ukikuta Home, kompyuta hiyo inaweza kuwa mgeni lakini haiwezi kuwa mwenyeji wa Remote Desktop. Usihangaike na faili za mitaani zinazodai kuifungua. Faili la mfumo lililochezewa na mtu usiyemjua, kwenye huduma inayompa mtu kompyuta nzima, ni hatari kubwa mno.

Mwenye Home atumie Chrome Remote Desktop. Kwenye kompyuta ya mwenyeji fungua remotedesktop.google.com/access kwa kivinjari cha Chrome ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, pakua programu inayotolewa pale, ipe kompyuta jina, kisha weka PIN ya tarakimu zisizopungua 6. Ukiwa mbali unafungua ukurasa huo huo kwa akaunti hiyo hiyo, unabofya jina la kompyuta, unaandika PIN. Hatua ya 3, ya 4 na ya 5 hazikuhusu, ila ya 2 na ya 6 usiziruke. Na akaunti hiyo ya Google iwashie uthibitishaji wa hatua mbili, maana sasa imekuwa ufunguo wa nyumba.

Mac ina huduma yake ya kushiriki skrini kwenye mipangilio ya mfumo. Linux nitaigusa mbele.

Hatua ya 2: Hakikisha mwenyeji hatalala

Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike:

powercfg /change standby-timeout-ac 0
powercfg /change hibernate-timeout-ac 0

Sifuri hapo maana yake ni "kamwe", na "ac" ni pale inapokuwa kwenye umeme. Skrini iache izime, haina madhara. Kama ni laptopu, iache kwenye chaja, kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Paneli Dhibiti utafute kinachotokea kifuniko kikifungwa. Chagua isifanye lolote. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya mezani nyingi hubaki zimezima mpaka mtu abonyeze kitufe. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, utafute kipengele kinachosema mashine ifanye nini umeme ukirejea, uchague iwake. Majina yake hutofautiana kwa watengenezaji, ila mara nyingi kiko kwenye ukurasa wa umeme. Na kama diski yako imefungwa kwa namna inayodai nenosiri kabla Windows haijaanza, elewa kwamba mashine ikijiwasha upya itakaa inasubiri vidole vya mtu aliye palepale. Hakuna programu ya mbali itakayokuvusha hapo.

Hatua ya 3: Nenosiri, si PIN

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda, kwa hiyo nenda nami polepole.

Watu wengi huifungua Windows kwa PIN, kwa uso au kwa alama ya kidole. Vyote hivyo vimefungwa kwenye kifaa chenyewe, na Remote Desktop haivikubali. Inataka nenosiri halisi la akaunti. Kama unatumia akaunti ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe yako na nenosiri ni la akaunti hiyo, lile ambalo pengine hujaliandika tangu ununue mashine.

Kuna kikwazo kingine kimejificha. Kompyuta iliyosanidiwa tangu mwanzo kutumia PIN peke yake inaweza kuwa haijawahi kuliona nenosiri lako, na ukiwa mbali itakwambia umekosea ingawa umeandika sawasawa. Dawa yake: Mipangilio, Akaunti, Chaguo za Kuingia, zima kile kipengele kinachoruhusu Windows Hello pekee (yaani PIN, uso au kidole) kwa akaunti za Microsoft. Kisha funga skrini kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, chagua kuingia kwa nenosiri badala ya PIN, uliandike mara moja. Baada ya hapo unaweza kurudia PIN yako kama kawaida.

Akaunti ya ndani isiyo na nenosiri kabisa itakataliwa ukija kwa mbali, na ni vizuri ikataliwe. Weka nenosiri refu. Maneno manne matano yasiyohusiana ni bora kuliko neno moja lililopambwa kwa alama.

Hatua ya 4: Washa Remote Desktop

Mipangilio, Mfumo, Remote Desktop, washa. Windows itaifungulia njia kwenye fayawoli yake yenyewe, yaani ukuta unaozuia wageni wa mtandaoni. Ukurasa huo huo unaonyesha jina la kompyuta. Liandike mahali. Kipengele kinachodai mgeni athibitishwe kabla hajaonyeshwa skrini kiache kimewashwa.

Umemaliza hatua hii. Kutoka kifaa kingine kilicho kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, tayari unaweza kuingia.

Hatua ya 5: Tengeneza njia ya kufika kutoka nje

Anwani ya kompyuta yako nyumbani au ofisini, zile zinazoanza na 192.168 au 10, inajulikana ndani ya mtandao huo tu. Ukitoka nje, haifikiki. Miongozo mingi itakwambia uingie kwenye ruta ufungue poti 3389, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, ielekezwe kwenye kompyuta yako. Nakuomba usifanye hivyo. Kuna mashine zinazozunguka intaneti nzima mchana na usiku zikigonga poti hiyo na kujaribu manenosiri. Mwaka 2019 liligundulika pengo la usalama lililopewa jina BlueKeep kwenye Remote Desktop ya matoleo ya zamani ya Windows. Mvamizi hakuhitaji hata nenosiri, ilitosha poti iwe inafikika. Microsoft ilitoa kiraka hadi kwa Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeacha kuuhudumia miaka 5 nyuma. Hilo peke yake linakuonyesha uzito wa jambo.

Badala yake tengeneza mtandao binafsi kati ya vifaa vyako. Mimi hutumia Tailscale, inayopitisha kila kitu kwa usimbaji wa WireGuard ili wa nje asiweze kukisoma, na kwa matumizi ya mtu binafsi ni bure. Isakinishe kwa mwenyeji na kwa mgeni, uingie kwa akaunti moja pande zote mbili. Kila kifaa kitapewa anwani inayoanza na 100, na anwani hiyo haibadiliki hata ukihama mtandao. Ruta haiguswi kabisa, na hata mtoa huduma anayewachanganya wateja wengi kwenye anwani moja hakuzuii.

Mambo mawili usiyasahau, yamewaangusha watu ninaowajua. La kwanza, kwenye mapendeleo ya Tailscale ya mwenyeji wa Windows, washa kipengele cha kuiacha iendelee bila mtu aliyeingia. Usipofanya hivyo, siku Windows itakapojisasisha usiku na kujiwasha upya, mtandao wako binafsi utabaki umekatika mpaka mtu aingie kwa mkono. La pili, ufunguo wa kila kifaa kwa kawaida huisha baada ya siku 180. Fungua ukurasa wa usimamizi wa Tailscale, mtafute mwenyeji kwenye orodha, uzime ukomo wa ufunguo kwa kifaa hicho kimoja. Vya kubeba, simu na laptopu ya safari, viache na ukomo wake, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopotea.

Hatua ya 6: Jaribu ukiwa bado nyumbani, lakini kama uliyeondoka

Zima Wi-Fi ya simu ubaki na data. Fungua programu ya Microsoft inayoitwa Windows App, ongeza kompyuta mpya, andika ile anwani ya 100, jina na nenosiri. Kama mgeni ni kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike mstsc. Mara ya kwanza utaonywa kuhusu cheti cha mwenyeji (kitambulisho chake cha kidijitali), ni kawaida kwa kompyuta ya binafsi, kubali.

Ukifanikiwa kwa Remote Desktop ya Windows, skrini ya mwenyeji itajifunga: aliye mbele yake ataona ukurasa wa kuingia tu, haoni unachofanya. Sasa fanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Mwashe upya mwenyeji ukiwa kwenye simu, kwa kuandika shutdown /r /t 0, kisha kaa mikono mapajani. Usiiguse kompyuta. Subiri dakika chache uingie tena kutoka kwenye simu. Likipita jaribio hilo, ondoka na amani. Lisipopita, bado uko pale pale na unaweza kurekebisha.

Hatua ya 7: Ukiwa ndani

Ukifunga dirisha kwa alama ya X, unakata mawasiliano tu. Programu zote kule zinaendelea. Ukitoka kwenye akaunti, kila kitu kinafungwa. Kazi ndefu, kama kuchakata video au kunakili faili nyingi, iache kwa X.

Ctrl+Alt+Del itashikwa na kompyuta iliyo mbele yako. Ya mbali unaitumia Ctrl+Alt+End. Kwa simu, chagua kugusa kwa mtindo wa kipanya pale vitufe vinapokuwa vidogo, kidole kinasukuma mshale badala ya kuufunika. Intaneti ikiwa nzito, punguza ukubwa wa skrini kabla ya kuunganisha, na uondoe picha ya mandharinyuma. Kinachosafiri ni mabadiliko ya picha upande mmoja na mibonyezo yako upande mwingine, kwa hiyo skrini tulivu ni nyepesi.

Kuwa mwangalifu na mipangilio ya mtandao na fayawoli. Unakata tawi ulilokalia. Kabla sijagusa lolote la aina hiyo naandika shutdown /r /t 600, yaani jiwashe upya baada ya sekunde 600, kisha nabadilisha kwa amri zisizodumu baada ya kuwasha upya. Nikibaki ndani, nafuta agizo kwa shutdown /a. Nikijifungia nje, nasubiri dakika 10.

Kwa wenye Linux

Mara nyingi hutahitaji picha ya skrini, SSH, njia ya kuingia na kuandika amri tu, inatosha. Kwa Ubuntu na ndugu zake: sudo apt install openssh-server kwa mwenyeji, kisha kwa mgeni ssh-keygen -t ed25519 na ssh-copy-id jina@anwani. Ukishaingia kwa ufunguo bila kuulizwa nenosiri la akaunti, weka PasswordAuthentication no kwenye mipangilio ya sshd (huduma ya SSH ya mwenyeji) uiwashe upya huduma, lakini dirisha la kwanza liache wazi mpaka uingie kwa dirisha la pili. Ukiwasha ufw, fayawoli ya Ubuntu, tanguliza sudo ufw allow ssh. Kazi ndefu iendeshe ndani ya tmux, programu inayoishikilia kazi kwa mwenyeji, ili mawasiliano yakikatika isife nayo.

Mtu akikuomba umruhusu

Chombo hiki hiki kinachokupa kompyuta yako kinaweza kumpa mwizi. Mtu akikupigia simu bila wewe kumtafuta, akadai kompyuta yako ina virusi au akaunti yako ya benki ina tatizo, kisha akakutaka usakinishe programu ya mbali na kumsomea msimbo, kata simu. Ukiwa umeshamruhusu, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi kwanza, maswali baadaye. Kisha badilisha manenosiri ukitumia kifaa kingine, na uipigie benki kwa namba iliyo kwenye kadi.

Na unapomsaidia mzazi au rafiki kwa mbali, tumia sehemu ya msaada ya Chrome Remote Desktop. Msimbo wake wa tarakimu 12 ni wa mara moja na hufa baada ya dakika 5, hivyo hutabaki na ufunguo wa nyumba yake bila kukusudia.

Ikigoma

Anza chini kwenda juu. Kwenye kompyuta ya mgeni andika tailscale ping ikifuatiwa na jina la mwenyeji. Hakuna jibu: mwenyeji amelala, amezima, au intaneti ya kule imekufa, tafuta mtu wa karibu naye. Jibu lipo lakini Remote Desktop inakataa: huduma haijawashwa au fayawoli imeizuia. Inafika hadi kwenye nenosiri ndipo inakataa: rudi hatua ya 3, na kabla hujabadilisha chochote, angalia kama kwenye nafasi ya jina umeandika barua pepe kamili.