Unalala New Jersey, unafanya kazi New York: jinsi ya kujaza ritani zote mbili

Asubuhi unavuka Mto Hudson kwenda kazini Manhattan, jioni unarudi kulala Newark au Jersey City. Msimu wa kodi ukifika, majimbo mawili yanaudai mshahara huo mmoja. New Jersey inakudai kwa kuwa wewe ni mkazi wake, na mkazi hutozwa kwa mapato yake yote, popote alipoyapata. New York inakudai kwa kuwa kazi umeifanyia kwake. Hutalipa zote mbili kamili, ilimradi ufuate mpangilio.

Kwanza hakikisha kweli wewe si mkazi wa New York. Leseni ya udereva ya New Jersey peke yake haikukingi. Ukiwa na makao ya kudumu New York karibu mwaka mzima, kisha ukawa ndani ya jimbo hilo zaidi ya siku 183, utahesabiwa mkazi. Siku ya kuingia asubuhi na kutoka jioni kwa kawaida nayo inahesabiwa.

Chukua W-2 yako, ile fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, tazama kisanduku cha 15 hadi cha 20. Ukikuta umekatwa kodi ya Jiji la New York na huishi jijini, jaza IT-203, yaani ritani (fomu ya kutangaza mapato na kodi) ya New York kwa asiye mkazi, urudishiwe. Kodi hiyo huwahusu wakazi wa jiji tu.

IT-203 ndiyo ya kuanza nayo. Ikikamilika, nenda kwenye NJ-1040, ritani ya mkazi wa New Jersey, uweke mapato yote, pamoja na vibarua vya wikendi. Kisha fungua jedwali la NJ-COJ, ndipo unapoombea punguzo kwa kodi uliyolipa New York.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanachukua kodi iliyokatwa kwenye mshahara, kisanduku cha 17. Sicho. Kinachotakiwa ni kodi halisi iliyopigiwa hesabu kwenye IT-203, hata kama ulikatwa zaidi na ukarudishiwa.

Punguzo lina kikomo. Tuseme umepata dola 80,000 New York na 20,000 New Jersey, na kodi yako ya New Jersey ni dola 3,600. Mapato ya New York ni asilimia 80 ya mapato yako yote, na asilimia 80 ya kodi hiyo ni 2,880. Hata kama New York imekutoza 4,000, hupunguziwi zaidi ya hapo. Zile 1,120 zimekwenda.

Mnaofanyia kazi sebuleni, msishangilie mapema. Kama mwajiri yuko New York na kukaa nyumbani ni kwa hiari yako, jimbo hilo huzihesabu siku hizo kuwa zake.

Wa Pennsylvania wana nafuu: Pennsylvania na New Jersey zina makubaliano, mshahara hutozwa unakoishi. Mkazi wa Pennsylvania anayefanya kazi New Jersey humpa mwajiri fomu NJ-165, basi.

Siku ya mwisho kwa kawaida ni Aprili 15 kwa ritani zote. Nakala ya IT-203 usiitupe. New Jersey ikihoji punguzo lako, ndiyo itakayoitaka.