Kabla kazi haijafika kwa mpiga chapa: maandalizi ya ofisi ndogo ya usanifu Kisumu

Mtu mwenye ofisi ndogo ya kudizaini Kisumu, iwe ni chumba cha ghorofani Barabara ya Oginga Odinga au kibanda Kondele, akiambiwa atunze mazingira hufikiria kwanza kuzima taa. Azime, bili itapungua. Lakini takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria uko Kaunti ya Nakuru, na kituo cha Sondu Miriu cha megawati 60 kiko katika kaunti yetu hii. Kwa hiyo taa si tatizo kubwa la mazingira; mzigo wetu mkubwa ni vitu vinavyochapishwa kwa kazi zetu: mabango, vipeperushi, stika na fulana. Na mambo hayo huamuliwa mapema, mara nyingi kabla kotesheni haijatumwa. Hapo ndipo pa kujiandaa.

Anza na namna unavyolipwa. Ofisi nyingi hutoza usanifu pesa kidogo, au hata kuufanya bure, kisha hutafuta faida kwenye uchapishaji. Ukifanya biashara hivyo huwezi kumshauri mteja apunguze idadi, maana unajikata riziki. Tenganisha ada ya usanifu na gharama ya kuchapisha, na kila moja iwe na mstari wake kwenye kotesheni. Ukishafanya hivyo, utaweza kumuuliza mteja anayetaka vipeperushi 2,000 kwa mkutano wa watu 300 hivyo vingine vitakwenda wapi. Naamini hili kuliko mengine yote yaliyomo humu: ushauri wa kweli hauwezi kutoka kwa mtu anayelipwa kwa wingi wa karatasi.

Maswali ya kumuuliza mteja yaandike na uyaweke karibu na simu. Bango litaning'inia siku ngapi? Litatumika tena mwaka ujao? Nani atagawa vipeperushi, na wapi? Ujumbe huu hauwezi kutumwa kwa WhatsApp peke yake? Kama ni sherehe ya kila mwaka ya shule au kanisa, sanifu bango lisilo na tarehe wala kaulimbiu ya mwaka, kisha tarehe iwekwe kwenye kipande kidogo kinachobadilishwa.

Saizi nayo ijulikane kabla hujachora mstari wa kwanza. Karatasi ya SRA3, inayotumika sana kwenye mashine za kidijitali, ina milimita 320 kwa 450. Inatoa vipeperushi vinne vya A5 pamoja na nafasi ya kukatia. Mteja akitaka kipeperushi cha mraba cha sentimita 21 kwa 21, karatasi hiyohiyo itatoa viwili tu, na zaidi ya theluthi yake itakatwa na kutupwa. Mweleze kwa bei, ataelewa upesi.

Halafu kuna kazi inayorudiwa. Namba ya simu iliyokosewa, jina la mgeni wa heshima lililoandikwa vibaya, rangi iliyong'aa kwenye skrini ikafifia kwenye karatasi: kila kosa la aina hii hula karatasi mara mbili. Weka sharti kwamba hakuna kinachochapishwa kabla mteja hajasoma nakala ya majaribio na kuikubali kwa maandishi. Badilisha rangi kuwa za uchapishaji wewe mwenyewe, usiiachie mashine.

Mabango ya turubai la plastiki yanahitaji mawazo ya ziada. Mengi ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, aina ya plastiki, na kwa kuwa malighafi hizo mbili zimegandamana, ni vigumu sana kuyarejeleza. Yakichomwa ni hatari zaidi: PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi na inaweza kutoa sumu za dioksini, tena moshi huo huvutwa na watoto wa jirani. Kwa tukio la siku moja ndani ya ukumbi, kitambaa kinatosha. Pale turubai la plastiki lisipoepukika, mwandikie mteja kwenye kotesheni kwamba utalipokea likishatumika, na umtafute mapema fundi wa cherehani wa kulishona mikoba, au mwenye kibanda sokoni Kibuye anayehitaji kifuniko. Wateja wa uchaguzi wa Agosti 10, 2027 watakuja na oda kubwa na haraka nyingi, kwa hiyo sharti hili liwe tayari kabla yao.

Kuhusu mashine sina mengi. Laptopu hutumia umeme mdogo kuliko kompyuta ya mezani, tena betri yake inakuokoa stima zikipotea, usilazimike kuwasha jenereta ya petroli. Eneo hili la ziwa lina radi nyingi, kwa hiyo kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme kitarefusha maisha ya mashine zako. Nunua printa inayojazwa wino upya. Iliyokufa kabisa ipelekwe kwa warejelezaji wa taka za kielektroniki, kama WEEE Centre iliyoko Nairobi, isitupwe jalalani.

Taka za kawaida zina sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka ofisi, hata za watu binafsi, zitenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mapipa mawili yanatosha kuanzia. Mabaki safi ya karatasi yawekwe kando, yashonwe vijitabu vya kuandikia maagizo.

Mwisho ni maneno unayomwahidi mteja. Kisumu kuna vikundi vinavyotengeneza karatasi na kadi kwa magugu maji ya ziwani, na ni kazi nzuri kwa mialiko. Ila karatasi hiyo ni ya kukwaruza, hivyo ijaribu kwanza. Mara nyingi uchapishaji wa skrini wa mkono, yaani wino unaosukumwa kupitia kitambaa chenye matundu, huifaa kuliko printa ya leza. Mpiga chapa akikuahidi karatasi yenye alama ya FSC, ya misitu inayotunzwa vizuri, mwombe namba ya cheti chake, kwa kuwa asiye na cheti haruhusiwi kuiweka alama hiyo kwenye chapisho. Akikosa, andika kwenye kotesheni kile ulichohakikisha tu: aina ya karatasi, uzito wake na idadi.